Mjomba hakunywa gongo

Mjomba wangu alivua dagaa huko Ukerewe na pombe hakuwahi kuionja. Tumbo lilipovimba, kijiji kizima kikaamua: gongo hiyo. Hata siku alipotapika damu, muuguzi alimuuliza anamaliza chupa ngapi.

Kumbe kichocho. Si kile cha kukojoa damu, ni cha tumbo. Minyoo yake hukaa miaka ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, na jike hutaga hadi mayai 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo. Mengine husombwa na damu mpaka kwenye ini, yakakwama.

Vipeperushi husema "minyoo huharibu ini", basi. Hapo ndipo tunapogombana. Mnyoo hautafuni ini. Kovu tunalijenga wenyewe. Chembe za kinga hulizingira kila yai, zikamwaga kemikali, mojawapo intaleukini-13. Hiyo huziamsha chembe nyingine za ini zilizokuwa zimetulia zikitunza vitamini A, nazo zinageuka waashi: zinatoa kolajeni, nyuzi zilezile za kovu la kidonda mguuni. Yai moja si neno. Maelfu kwa maelfu, mwaka baada ya mwaka, huivika mishipa ala nyeupe ngumu. Daktari Symmers, aliyeieleza hali hii huko Misri mwaka 1904, aliifananisha na mashina ya viko vya udongo. Damu ikikosa njia hurudi nyuma, wengu unavimba, mishipa ya umio inatuna, na siku moja inapasuka.

Basi tuzizime hizo chembe za kinga? Panya wa maabara walionyimwa limfosaiti T, aina mojawapo ya chembe hizo, walikufa mapema zaidi, maana sumu ya mayai ilisambaa ovyo kwenye ini. Ukuta una kazi yake. Tena baadhi ya hizo hizo chembe za kinga, mayai yakikoma kuja, huanza kulila kovu, ndiyo maana ini la mtoto aliyetibiwa mapema huweza kulainika.

Kwa hiyo sielewi kwa nini prazikwanteli, dawa ya kichocho, iishie darasani. Shirika la Afya Duniani lilishaelekeza mwaka 2022 kwamba penye maambukizi mengi igawiwe kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo. Kwetu, ile fito ya kupimia urefu ili kujua idadi ya vidonge ilisimamishwa shuleni, hatua chache kutoka mwaloni. Mjomba alipita pale na karai lake la dagaa, suruali imelowa hadi mapajani. Hakuna aliyemwita.