Jaketi la kivuko, jaketi la ndege: mhudumu mpya afundwe wapi?

Abiria anayepanda ndege Mwanza kwa mara ya kwanza si lazima awe mgeni wa jaketi la kuokolea. Amelizoea kwenye mitumbwi na vivuko vya kwenda visiwani. Lile lina sponji ndani: unalivaa mapema, unafunga kamba, umemaliza. La ndege limekunjwa tu, halina kitu ndani. Ukivuta kishikio, kichupa cha gesi ya kaboni dayoksaidi hulijaza kwa sekunde chache. Ukilijaza ungali ndani na maji yakaingia, linakubana darini, na mlango uko chini yako hutaweza kuufikia. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Abiria wengi walikuwa wamejaza majaketi yao ndani. Kati ya watu 175, walikufa 125.

Mfano huu unagusa ubishi wa siku nyingi kuhusu mhudumu mpya wa ndege: uzito uwekwe darasani, au kwenye safari akiwa na mkufunzi pembeni?

Wanaotetea darasa wana hoja nzito. Mlango wa ndege iliyojaa moshi haufunguliwi kwa majaribio huku abiria wameketi. Ndege yenye viti zaidi ya 44 huthibitishwa kwa kuonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango, na kasi hiyo huja kwa kurudia: kutazama nje kwanza, kufungua, kupaza amri, kusukuma watu watoke. Kuzima moto na kuogelea na jaketi navyo vinahitaji jengo na bwawa. Tena safari yenyewe hurithisha njia za mkato. Mwanafunzi akimwona mkubwa wake anaupita mshale wa kizimamoto bila kuhakikisha uko kwenye kijani, naye kesho ataupita.

Lakini darasa haliwezi kumwonyesha abiria yule wa visiwani. Mkufunzi aliyeko kwenye safari ndiye anayeona kwamba maneno "usijaze ukiwa ndani, jaza ukiwa nje" yamesomwa haraka, kwa sauti ya kuimba, na bibi wa kiti cha nne hakuyasikia. Hapo mwanafunzi hujifunza kutulia kwenye neno "nje", kuuonyesha mlango kwa mkono, kisha kumwendea bibi na kumweleza taratibu: "Bibi, hili si kama la kwenye boti." Ni sekunde 20 tu, na kwa maoni yetu zina thamani kuliko toroli nzima ya vinywaji.

Tatizo ni muda. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa jeti ni kama saa moja na nusu. Ukitoa kupaa na kushuka, huduma inabaki na chini ya saa moja. Mwanza–Bukoba ni fupi zaidi. Mkufunzi anayesahihisha kwenye njia kati ya viti, mbele ya abiria, humfanya mwanafunzi aikimbize toroli ili asionekane mzembe. Na mara nyingi mkufunzi huyohuyo ndiye atakayesaini kwamba amefaulu, kwa hiyo mwanafunzi haulizi asilolijua, anaficha. Hili ndilo tungelibadilisha kwanza: anayefundisha asiwe anayepima.

La pili ni kuchagua cha kufundisha. Toroli itazoeleka yenyewe. Safari hizi zinafaa zaidi kwa yale mapitio ya kimya, nusu dakika kabla ya kuruka na kabla ya kutua: mlango wangu unafunguka vipi, amri yangu ni ipi, nani karibu yangu ana nguvu za kunisaidia, na nje kuna nini. Viwanja vya Mwanza na Bukoba viko kando ya ziwa, basi swali hilo la mwisho si la nadharia. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya propela aina ya ATR 42 yenye watu 43 iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, walikufa 19. Wahudumu ndani walikuwa wawili.

Mapitio hayo hayaonekani, kwa hiyo mkufunzi ayaulize chini, abiria wa mwisho akishashuka na kabla wasafishaji hawajaanza kazi: "Tulipogusa ardhi, maji yalikuwa upande gani wa mlango wako?" Mwanafunzi akisitasita, safari inayofuata aketi kiti kilekile, aulizwe tena.