Kontena linafunguliwa wapi? Reli ya kisasa na riziki ya Mombasa

Mzozo wa Mombasa na reli ya kisasa (SGR) iendayo Nairobi huelezwa kama ugomvi wa malori na treni. Kinachoamua ajira, hata hivyo, ni mahali kontena linapokaguliwa, linapolipiwa ushuru na kupakuliwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Treni ya mabehewa 54, kila behewa likibeba makontena mawili ya futi 20, huondoka bandarini na makontena 108. Lori nalo hubeba mawili, ila yakiwa na shehena nzito kama vigae au vyuma, hubeba moja tu, la sivyo mizani ya Mariakani italikamata. Kwa hiyo treni moja hufuta safari 54 za malori, pengine zaidi. Kila safari iliyofutwa inamgusa dereva na utingo wake, gereji za Changamwe na Miritini, wauza matairi, gesti na hoteli za barabarani hadi Mtito Andei. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru mizigo ya Nairobi ipande reli hadi bandari kavu ya Embakasi, kituo cha bara kinachokagua makontena, mawakala wa forodha nao waliona kazi yao ikihama, na watu wakaandamana. Agizo likaondolewa 2022.

Walioitetea reli nao walikuwa na hoja. Malori yaliziba njia ya Changamwe na kuichakaza. Ardhi iliyo karibu na bandari iligeuzwa yadi za kupanga makontena, na yadi ya ekari kadhaa huajiri watu wachache kuliko kiwanda cha nguo cha ukubwa huohuo. Halafu kuna mkopo wa benki ya Exim ya China, ambao haulipiki bila mizigo. (Hoja hii ya mwisho ni ya mdaiwa, si ya mpangaji wa miji.)

Tatizo la reli liko kwenye ncha zake. Gharama ya winchi ya kupakia na kushusha ni ileile kwa safari fupi na ndefu, na kilomita 470 hivi si mwendo mrefu kwa reli. Mzigo wa Thika ukishushwa Embakasi unahitaji lori tena. Kontena tupu nalo lazima lirudi Mombasa, likichelewa meli inatoza. Mzigo wa Kampala ukipitia Naivasha hukuta reli ikibadilika upana, kutoka milimita 1,435 hadi 1,000, hivyo kontena huinuliwa upya au kupandishwa lori.

Kwa maoni yangu kosa lilikuwa amri, si reli. Mteja aachiwe achague. Ila Mombasa isijidanganye kwamba kurudi kwa malori kumeiponya. Mji uliotegemea mzigo upitao ulikuwa dhaifu zamani, na kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013 bila treni kuhusika.

Dongo Kundu, eneo maalum la kiuchumi, ndilo jaribio la kweli. Kiwanda kikiwa pale kinafungua kontena la malighafi hatua chache kutoka melini, na bidhaa ikipanda treni, imeshawalipa watu wa hapa. Likijazwa maghala, litakuwa yadi nyingine yenye paa. Kabla ya kugawa viwanja, maji yapatikane: sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba, na mitaa mingi bado hununua kwa mikokoteni. Kiwanda cha kutia nguo rangi hakiendeshwi kwa mitungi.