Garrick yakubali wanawake, kujuana kunabaki palepale

Mei 7, 2024, wanachama wa Garrick, klabu ya London iliyoanzishwa mwaka 1831, walikubali kwa asilimia 59.98 ya kura kwamba wanawake nao waweze kujiunga. Mwezi Machi gazeti la The Guardian lilikuwa limeanika majina ya wanachama: Mfalme Charles, majaji, wanasiasa, Simon Case aliyeongoza utumishi wa umma, na Richard Moore, wakati huo mkuu wa shirika la ujasusi la MI6. Case na Moore walijitoa upesi.

Waliopinga mabadiliko si wa kubezwa. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inaruhusu klabu za jinsia moja, na London zipo za wanawake pia. Sijasikia mwanamume akililia kuingia huko. Mtu mzima anayejilipia ada ana haki ya kuchagua wa kula naye. Tena Garrick ilianzishwa ili waigizaji, watu waliodharauliwa enzi hizo, wakae meza moja na waungwana bila kunyanyapaliwa. Hata sasa, anayefika peke yake huketi kwenye meza ndefu ya pamoja na kupiga soga na yeyote aliye jirani.

Ila meza hiyohiyo ndiyo inayoniletea shaka. Wanachama husema hapo hapajadiliwi kazi. Sawa, lakini kujuana hakuhitaji ajenda. Wakili aliyecheka na jaji juzi hana haja ya kumwomba lolote. Sura yake imeshazoeleka. Lady Hale, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Mahakama ya Juu ya Uingereza, alishalalamika kwamba majaji wenzake wengi ni wa Garrick na hawaoni tatizo liko wapi. Kwangu hapo ndipo hoja ya faragha inapopungua nguvu. Marafiki wana faragha yao. Jaji na mkuu wa ujasusi wanalipwa na umma, ambao nusu yake hata ombi isingeweza kupeleka.

Jinsi ushindi ulivyopatikana nako kunachekesha. Mwaka 2015 waliounga mkono walifika asilimia 50.5, wakakwama kwa sababu kubadili kanuni kulihitaji theluthi mbili. Safari hii wanasheria walichomoa sheria ya mali ya mwaka 1925, inayosema maneno ya kiume katika hati huwahusu wanawake pia. Kumbe kanuni hazikuwahi kuwazuia! Wingi wa kawaida ukatosha.

Julai 2024 wakaingia Judi Dench na Siân Phillips, waigizaji wakubwa, mmoja akiwa na miaka 89 na mwingine 91. Wanastahili, na kwa klabu ya watu wa jukwaa ni chaguo la busara. Lakini hakuna aliyehofia kwamba hao wawili walikuwa wakinyimwa ujaji. Wakili wa kike wa miaka 40 bado anahitaji mwanachama wa kumpendekeza, wa kumuunga mkono, kisha kamati imkubali, na karibu wote walio ndani ni wanaume.

Ningeiachia klabu haki yake ya kuchagua, ila nimdai kila jaji na mtumishi mkuu wa serikali atangaze hadharani uanachama wake. Hilo lingeigusa hata White's, klabu nyingine ya London ya tangu 1693, ambayo bado ni ya wanaume tupu na sheria haina neno nayo.