Mchezo wa Arma 3 umezeeka, lakini mrithi wake sijamwona

Kati ya vijana wa Mtwara Mjini wenye kompyuta zinazoweza kubeba michezo mikubwa, hoja inayozuka mara kwa mara ni kama bado ipo sababu ya mtu kuhangaika na Arma 3. Mchezo huo wa kuigiza vita ulitolewa Septemba 2013 na kampuni ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki, na kwa michezo ya kompyuta huo ni umri mkubwa. Wapo wanaosema muda wake umekwisha na kwamba kuendelea kuusifu ni ukaidi. Wapo wanaosema hakuna mwingine unaoufikia. Na wapo wanaoupenda huku wakiulalamikia kila wanapouwasha, ambao naona ndio wengi zaidi. Mimi ninasimama na wanaoutetea, kwa sababu ambayo siisikii ikitajwa vya kutosha: mchezaji anayeishi mbali na seva zote kubwa za dunia anaweza kuushika mchezo huu mkononi mwake, akaujenga anavyotaka, na akaucheza hata bando lake likiwa limekwisha.

Kabla ya kuutetea ni lazima nikiri kwamba malalamiko mengi yana haki. Kubwa kuliko yote ni uzito. Mtu ananunua kompyuta iliyotumika kutoka Dar es Salaam, anaihangaikia kadi ya grafiki yenye nguvu, anawasha misheni yenye askari mia moja na zaidi, kisha anakuta picha inakwama kana kwamba hakununua kitu. Hapo ndipo hasira inapoanza, na hapo ndipo wengi wanapotoa hukumu isiyo sahihi kwamba mchezo umeandikwa kwa uzembe. Ukweli ni kwamba Arma 3 unaendeshwa na injini, yaani programu ya msingi ya mchezo, iitwayo Real Virtuality, ambayo mizizi yake inarudi hadi Operation Flashpoint, mchezo wa awali wa kampuni hiyohiyo wa mwaka 2001, wakati kompyuta za kawaida zilikuwa na prosesa zenye kiini kimoja tu. Sehemu kubwa ya hesabu za mchezo, hasa mwenendo wa askari wanaoongozwa na kompyuta, bado inafanyika kwenye kiini kimoja cha prosesa hata kama prosesa yenyewe inavyo vinane. Kadi ya grafiki inabaki ikisubiri kazi ambayo haijafika. Ndiyo maana mchezaji anayepunguza ubora wa vivuli na majani haoni tofauti kubwa, ilhali anayepunguza umbali wa kuona na idadi ya askari walio hai kwa wakati mmoja anapata nafuu mara moja. Sasisho la mwaka 2017 lililouwezesha mchezo kutumia mfumo wa biti 64 lilisaidia sana upande wa kumbukumbu, lakini ugonjwa wa kiini kimoja halikuuponya.

Wenye subira wamepata njia za kupunguza mzigo huo. Mojawapo ni kuwasha nakala ya pili ya mchezo isiyoonyesha picha yoyote, ambayo kazi yake ni kubeba hesabu za askari wa kompyuta ili seva ipumue. Ni ufundi mzuri, na nimeona ukiokoa misheni ambayo ilikuwa haichezeki. Hata hivyo sitamlaumu mtu anayesema kwamba mchezaji hapaswi kuwa fundi kabla ya kuwa mchezaji.

Lalamiko jingine linahusu akili ya hao askari wa kompyuta. Wakati mwingine wanakuona kupitia kichaka ambacho wewe mwenyewe huoni mbele yake, na wakati mwingine dereva wao anashindwa kuvuka daraja lililonyooka. Menyu nazo ni nyingi mno, na kila kitendo kina kitufe chake, hivyo mgeni anatumia jioni nzima kujifunza kulala chini, kuinama nusu, kuchungulia pembeni mwa ukuta na kurekebisha shabaha ya bunduki kulingana na umbali. Kwa hayo sina utetezi mrefu. Yanachosha.

Lakini tuangalie kile kinachopatikana baada ya uchovu huo. Kisiwa cha Altis, ambacho ndicho uwanja mkuu wa mchezo, kina ukubwa wa kilomita za mraba 270 na kimeigizwa kutoka kisiwa cha Lemnos cha Ugiriki. Unaweza kukivuka kwa miguu kutoka mwambao mmoja hadi mwingine bila kukutana na ukuta wa kukuzuia, na safari hiyo itakugharimu muda wa kweli. Mlipuko ulio mbali unauona kwanza, kisha unausikia, kwa sababu sauti imepewa mwendo wake. Risasi inashuka kadiri inavyokwenda, inapoteza nguvu, na inaweza kupenya ubao lakini ikazuiliwa na zege. Askari aliyekimbia na mzigo mzito mgongoni anatweta, na mikono yake haitulii anapolenga. Kutokana na mambo hayo mchezaji anajifunza kusubiri, kutazama, kuuliza wenzake na kuogopa mahali pa wazi. Risasi moja inatosha kumaliza kazi ya saa nzima, na kwa hiyo kila mmoja anaithamini nafsi ya mhusika wake. Michezo mingi ya risasi inayochezwa katika vibanda vya gemu hapa mjini haina hofu hiyo hata kidogo, kwa sababu ukifa unafufuka baada ya sekunde chache na kuendelea kufyatua.

Hata hivyo, lililo muhimu zaidi kwangu ni kihariri cha misheni. Tangu mwaka 2016 Arma 3 una kihariri kiitwacho Eden kinachomwezesha mchezaji kuweka askari, magari, vijiji, hali ya hewa na masharti ya ushindi akiwa ndani ya mandhari yenyewe. Ni chombo kilekile kinachofaa kutengenezea jambo kubwa, nacho kiko mikononi mwa yeyote aliyenunua mchezo. Rafiki yangu wa Mikindani, ambaye hajasomea kompyuta popote, alitengeneza misheni ya kusindikiza malori ya chakula kutoka Kavala hadi Pyrgos, miji ya Altis, ambamo ukifyatua risasi bila sababu wanakijiji wanakimbia na hakuna tena wa kukuonyesha njia iliyo salama. Tuliicheza kwa miezi. Aliibadilisha kila tulipoizoea, na mabadiliko hayo yote aliyafanya akiwa nyumbani kwake, bila kumwomba mtu ruhusa na bila kutumia hata megabaiti moja.

Uhuru wa namna hiyo ndio uliozaa mambo ambayo wengi wanayajua bila kujua chimbuko lake. DayZ, mchezo wa kunusurika kati ya mazombi, ilianza mwaka 2012 kama modi, yaani nyongeza inayotengenezwa na wachezaji wenyewe, iliyobuniwa na Dean Hall juu ya Arma 2. Brendan Greene alianza na modi ya DayZ, akaendeleza wazo lake la watu wengi wanaopambana hadi abaki mmoja ndani ya Arma 3, na mwaka 2017 wazo hilo likawa PUBG, mchezo ambao vijana wa Shangani na Chuno wanaucheza kwenye simu zao kila siku. Anayesema Arma 3 umekufa huku ameshika simu inayoendesha mjukuu wake anapaswa kuupa heshima kidogo.

Nina shauku moja ambayo bado sijaona mtu akiitimiza. Oktoba 1917, huko Mahiwa katika mkoa jirani wa Lindi, majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck na majeshi ya Waingereza, yaliyokuwa na askari wengi kutoka Nigeria, yalipigana kwa siku nne katika mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya Vita ya Kwanza ya Dunia upande wa Afrika Mashariki. Silaha za zama hizo hazimo katika Arma 3, ambao kisa chake kimewekwa mwaka 2035, hivyo zingehitaji kutafutwa katika modi au kutengenezwa upya. Ila ninachotaka kukiona zaidi ni misheni ambayo mchezaji hapewi bunduki kabisa, anapewa mzigo. Vita ile ilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa nchi hii, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi bila kufyatua risasi. Mchezo unaohesabu uzito wa begi na pumzi ya anayelibeba unaweza kulieleza jambo hilo kuliko michezo mingi mipya yenye picha za kuvutia.

Wanaotushauri tuhame wanautaja Arma Reforger, uliotolewa katika hatua ya majaribio Mei 2022 na kukamilishwa Novemba 2023. Nimeucheza, na sitaudharau. Injini yake mpya, Enfusion, inatumia kompyuta vizuri zaidi, taa na misitu yake ni ya kupendeza, na kisiwa cha Everon kinarudi kutoka enzi za Operation Flashpoint kikiwa na hadhi mpya. Tatizo ni kwamba haukuja na kampeni ya mchezaji mmoja, na sehemu kubwa ya mvuto wake imo katika mapambano ya watu wengi mtandaoni. Kwa mchezaji wa Prague au Berlin hilo ni jambo jema. Kwa mchezaji wa Mtwara, ambaye taarifa zake zinapaswa kupanda hadi Dar es Salaam, kuingia baharini na kufika Ulaya kabla ya kurudi, adui anamwona kabla yeye hajamwona, na bando linateketea huku akisubiri kuunganishwa. Arma 3 unatuwezesha kuunganisha kompyuta zetu katika chumba kimoja, mmoja akiwa mwenyeji na wengine wakijiunga, na modi zenye makumi ya gigabaiti zinapakuliwa na mmoja usiku kisha zinanakiliwa kwa diski ya nje. Tumezoea kucheza hivyo, na mchezo unaotunyima njia hiyo hautatufaa hata uwe mzuri namna gani.

Wazee wetu huuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini vijana wa mkoa huu wacheze vita wakati vita ya kweli iko ng'ambo ya Mto Ruvuma. Tangu mwaka 2017 Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji, haijatulia, na Oktoba 2020 mashambulizi yalifika hadi Kitaya, upande wetu wa mto. Sichukulii swali hilo kwa wepesi. Jibu langu linaanzia kwenye nyongeza ya Arma 3 ya mwaka 2017 iitwayo Laws of War, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mhusika wake mkuu ni mteguaji wa mabomu, na kisa chake kinazunguka mabaki ya silaha yanayoendelea kuua baada ya askari kuondoka. Nusu ya mapato ya mauzo ya nyongeza hiyo kwa mwaka huo, dola 176,667 za Marekani, ilikabidhiwa kwa kamati hiyo. Hapa Mtwara jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Wareno walitega mabomu ya ardhini kaskazini mwa Msumbiji, kwenye mpaka na nchi yetu, wakati wa vita ya ukombozi, na Msumbiji ilitangazwa kuwa huru na mabomu hayo mwaka 2015 tu, baada ya kazi ndefu iliyoshirikisha hata panyabuku waliofunzwa Morogoro na shirika la APOPO. Kijana anayetambaa katika mchezo akitafuta bomu lililofukiwa, akijua kwamba pupa ndogo itamuua, anaielewa kazi ile kwa namna ambayo hotuba haiwezi kumpa.

Lipo na jambo la picha za uongo. Novemba 2022 Bohemia Interactive ililazimika kutoa tamko kwa sababu vipande vya video vya Arma 3 vilikuwa vikisambazwa kama picha halisi za vita ya Ukraine, na ilieleza dalili za kuvitambua: picha hafifu, kamera inayotikisika, giza, kukosekana kwa sauti na kwa watu wanaotembea. Katika mkoa ambao habari za vita ya jirani hufika kwanza kwenye simu, nadhani ni faida kuwa na vijana wanaoutambua moshi wa Arma 3 kwa kuutazama mara moja, na wanaoweza kumwambia mama mwenye hofu kwamba helikopta ile haijawahi kuruka popote. Mtengenezaji hana budi kuendelea na kazi hiyo ya kufichua picha za uongo katika michezo yake ijayo, kwa sababu picha zitazidi kufanana na kweli.

Kampuni imekwisha kutangaza kwamba Arma 4 umepangwa kutoka mwaka 2027, na mjadala wetu sasa umehamia huko. Wengi wanaomba picha nzuri zaidi, ndege zaidi na askari wenye akili. Naunga mkono ombi la askari wenye akili, kwa maana ni aibu dereva kushindwa na daraja. Lakini ombi langu la kwanza ni kihariri kamili kinachofanya kazi bila mtandao tangu siku ya kwanza, uwezo wa kucheza kwa kuunganisha kompyuta za chumba kimoja, na kampeni ambayo mtu mmoja anaweza kuimaliza peke yake umeme wake na kompyuta yake vikiwa ndivyo alivyo navyo tu. Mambo hayo matatu yakikosekana, nitaendelea kupunguza umbali wa kuona kwenye Altis, na najua wenzangu wa hapa Mtwara watakaobaki nami si wachache.