Riwaya moja kila mwezi: ratiba ndiyo, hesabu hapana

Kila Januari hawakosekani wasomaji wanaoapa kumaliza riwaya kumi na mbili kabla ya mwaka kwisha. Wengine huwacheka: riwaya ni starehe, na starehe haipangiwi ratiba. Nadhani pande zote mbili zinachanganya mambo. Kupanga muda wa kusoma ni jambo moja, kupanga idadi ya vitabu ni jingine.

Muda lazima upangwe. Wengi wetu riwaya tuliijulia darasani. Kwa Wakenya wengi, Siku Njema ya Ken Walibora ilikuja na maswali ya dhamira, wahusika na tamathali za usemi. Mtihani ukishapita, hakuna wa kukusukuma tena. Asiyejitengea nusu saa ya usiku, au safari ya daladala, mwaka humwishia akiwa amesoma jumbe za simu tu. Hapo sina ubishi na wenye mipango.

Ubishi wangu uko kwenye hesabu. Anayehesabu vitabu huanza kupenda vyembamba, na wembamba unadanganya. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni kijitabu, lakini hakisomeki mbio: hadithi haikunyooka, ndoto na falsafa zinaingiliana, na ukimaliza unatamani kuanza upya ili ujue ulichosoma. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni nene zaidi, ila inakwenda kasi, maana Yasmin, binti aliyeozwa mzee akamkimbia, hakuachi utulie mpaka ujue lililompata katika Zanzibar ya ukoloni. Kwenye hesabu ya mwaka, kila kimoja ni kimoja tu.

Halafu kuna suala la kusoma nini. Wahakiki hutenganisha riwaya dhati, yenye uzito wa kifasihi, na riwaya pendwa, ya kuburudisha, na wapo wanaoidharau hii ya pili. Mimi simo. Hadithi za upelelezi za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilisomwa na watu wasiotafuta cheti chochote. Na mpaka wenyewe hautulii: Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla (1960) ni kisa cha upelelezi, na leo inachambuliwa vyuoni. Rosa Mistika (1971), yake Kezilahabi, ilipigwa marufuku shuleni kwa kuyasema waziwazi mambo ya mapenzi, kisha ikarudi darasani.

Hata hivyo, wanaoogopa ule msemo wa "soma unachopenda" hawasemi ovyo. Ladha ikiachwa peke yake huzunguka palepale. Aliyekwisha soma visa kumi vya mapenzi vya mkondo mmoja, cha kumi na moja anakijua mwisho wake kabla hajafika katikati, na huyo ndiye anayekuja kulalamika kwamba riwaya zetu zinachosha. Kitabu kigumu kimoja au viwili kwa mwaka vinatosha kumtoa hapo, hasa akivisoma na mwenzake wa kubishana naye.

Orodha ya majina kumi na mawili ina kikwazo kingine, cha dukani. Maduka yetu mengi ya vitabu yanaishi kwa vitabu vya kiada, na riwaya ikimalizika inaweza kukaa miaka bila kuchapwa tena. Ukiipangia Februari na Februari haipatikani, mpango mzima unasimama. Afadhali kuinunua siku unapoiona, hata kama zamu yake haijafika, na nyumbani pasikosekane mbili tatu za kuchagulia.