Punje kavu za kunasa hewa ukaa: joto linaokolewa, lakini mzigo je?

Moshi wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huwa na hewa ukaa asilimia 12 hadi 15 hivi. Sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Ili kuinasa hewa ukaa hiyo, mitambo kama Boundary Dam nchini Kanada, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2014, hutumia maji yenye kemikali za amini. Amini huishika gesi, kisha maji yote hupashwa moto ili gesi iachiwe. Hapo ndipo umeme unapoliwa, maana joto jingi huishia kwenye maji yenyewe.

Wanaotetea punje kavu zinazoishika gesi bila maji, kama zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo mno) au silika (madini ya mchanga) iliyopakwa amini, wana hoja nzito. Kilo moja ya maji hutaka joto karibu mara nne ya kilo moja ya punje ili ipande nyuzi moja. Ukiondoa maji, umeondoa mzigo huo.

Hoja hiyo naikubali. Ninachokataa ni kuishia hapo. Mtambo wa megawati 500 hutoa takribani tani 450 za hewa ukaa kwa saa. Tuseme tunanasa 400, na kila tani 20 za punje hubeba tani moja kwa mzunguko: ni tani 8,000 za punje za kuzungushwa kila saa! Maji husukumwa kwa pampu. Punje huinuliwa, husuguana, hupasuka, na unga wake hupeperuka na moshi. Isitoshe, maji ya moto yanayotoka huyapasha kwa urahisi yale baridi yanayoingia; kufanya hivyo kati ya punje na punje ni kazi ngumu mno.

Tena moshi si safi. Zeolaiti hupenda mvuke wa maji kuliko hewa ukaa, na gesi ya salfa huing'ang'ania amini isiachie. Kwa hiyo matokeo ya maabara yaliyopatikana kwa gesi kavu, safi, hayanitoshi. Nataka kuona punje zilezile zimenasa na kuachia mara maelfu kwenye moshi halisi.

Kati ya punje kavu, mimi naipa chokaa nafasi kubwa zaidi. Hunasa kwenye nyuzi 650 hivi na kuachia karibu na 900, joto linaloweza kuzalisha mvuke wa kuendesha tabo (mashine inayozungusha jenereta). Huchoka kila mzunguko, yaani uwezo wake wa kunasa hupungua, ni kweli, lakini mawe yake ni rahisi kupatikana, na iliyochoka hupokelewa kiwanda cha saruji.