Kompyuta ya kwantamu haijaribu majibu yote kwa mpigo

Kuna maelezo nayaona kila mahali, kwenye video, magazetini, hadi kwenye slaidi za watu wanaouza teknolojia, eti kompyuta ya kwantamu, yaani ile inayofanya hesabu kwa kanuni za chembe ndogo kama atomu, ina nguvu kwa sababu inajaribu majibu yote kwa mpigo mmoja halafu inakutolea lile sahihi. Hapana jamani. Siyo kweli, na inaniuma kwa sababu inaficha kitu kizuri kuliko vyote kwenye hii sayansi, yaani kwamba hizi mashine zina ukomo, na sehemu ya huo ukomo tunaijua kwa uthibitisho wa kihesabu kabisa, siyo kwa kukisia.

Ni kweli ukiwa na kyubiti 300, yaani biti za kwantamu ambazo kila moja inaweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1, unaweza kuziweka kwenye mchanganyiko wa hali 2 kwa kipeo cha 300, nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu tunaouona. Sawa. Ila ukitaka kusoma jibu inabidi upime, na ukishapima tu mchanganyiko wote unapotea unabaki na jibu moja, tena la kubahatisha, sasa kama hukufanya lolote kabla ya kupima umepata nini zaidi ya mtu aliyerusha shilingi mara 300?

Kazi yenyewe iko hapo katikati. Kila jibu linabeba kitu kinaitwa amplitudi, inaweza kuwa chanya au hasi, na mwandishi wa algorithimu, yaani mpangilio wa hatua za kutatua tatizo, anatakiwa apange hatua zake ili njia zinazoelekea kwenye majibu mabovu zifutane na zile za jibu zuri ziongezane nguvu, kama mawimbi yanayokutana, na yote hayo ayafanye bila yeye mwenyewe kulijua hilo jibu. Hii inawezekana vizuri pale tu ambapo tatizo lina muundo wa kushikika.

Mwanahisabati Peter Shor aliupata muundo wa namna hiyo mwaka 1994. Alionyesha kwamba kuivunja namba kubwa kuwa namba tasa zinazoiunda ni sawa na kutafuta mzunguko, yaani namba zinajirudia baada ya hatua fulani, na mzunguko ndo kitu ambacho mawimbi ya kwantamu yanaunasa haraka sana. Usimbaji wa RSA, njia ya kuficha siri za mtandaoni, umeegemea ugumu wa hilo hilo tatizo, ndo maana NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikatoa viwango vipya vya usimbaji Agosti 2024 vya kujikinga mapema kabla mashine kubwa hazijafika.

Lakini chukua ratiba ya shule kubwa, walimu wasigongane, vyumba vitoshe, kila darasa lipate vipindi vyake. Hapo hakuna mzunguko wowote anaoujua mtu. Kinachobaki ni algorithimu ya Lov Grover ya 1996 ambayo inapunguza utafutaji hadi kipeuo cha pili cha idadi ya majibu yanayowezekana, kwa hiyo kama kuna uwezekano trilioni 1 unatumia hatua kama milioni 1 hivi, na hiyo ni nafuu kubwa sana sitaki kuidharau, ila ukiwa na 2 kwa kipeo cha 300 bado unabaki na 2 kwa kipeo cha 150, na mashine inayopiga hatua trilioni kila sekunde tangu ulimwengu uanze miaka bilioni 13.8 iliyopita isingekuwa imefika popote.

Na hapa ndo napapenda. Watafiti Bennett, Bernstein, Brassard na Vazirani walishathibitisha, hata kabla Grover hajaleta yake, kwamba kama hujui chochote kuhusu tatizo zaidi ya kujaribu jibu na kuangalia, hakuna algorithimu ya kwantamu itakayoshinda hicho kipimo cha kipeuo cha pili, ije kesho au baada ya miaka 1000. Kuna mlango bado uko wazi, maana huenda matatizo kama ya ratiba yana muundo ambao hatujauona, hilo hakuna aliyelifunga, hata kwa kompyuta za kawaida swali la P na NP, yaani kama kila tatizo ambalo jibu lake ni rahisi kuhakiki ni rahisi pia kulitatua, halijajibiwa, na zawadi ya dola milioni 1 ya taasisi ya hisabati ya Clay kwa atakayelijibu ipo tangu 2000.

Ewin Tang, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, alipewa na profesa wake Scott Aaronson kazi ya kuthibitisha kwamba kompyuta za kawaida haziwezi kufanya haraka kazi ya kupendekeza bidhaa kwa wateja kama algorithimu moja ya kwantamu iliyokuwa inasifiwa. Akahangaika nayo mwisho, mwaka 2018 akiwa na miaka 18, akatoka na algorithimu ya kawaida inayofanya vilevile bila kupitwa mbali. Hii habari ingesambaa kama zinavyosambaa zile za kyubiti ngapi nani kaongeza, watu wangewauliza wauzaji swali la maana kabisa, hilo tatizo lenu lina muundo gani, na mmeshindana na algorithimu ipi ya kawaida?